Pumzi ya Saba

Tumpe alimsalimu jirani yake Andongwisye mara tatu, na mara zote tatu hakujibiwa. Alikuwa na mtungi wa maji kichwani, umande umemlowesha hadi magotini, na mtu aliyekuwa akimsalimu hakuwa mbali. Alikuwa hapo uani kwake, ameketi chini juu ya majani makavu ya mgomba, miguu ameikunja, mikono ameilaza mapajani, macho ameyafumba. Katika Ibaba ya miaka ile salamu haikuachwa ipotee hewani. Mtu aliijibu jino likimuuma, aliijibu akiwa ametoka kugombana na mkewe, aliijibu hata kama anayemsalimu ndiye aliyemfungulia mbuzi waingie shambani. Mtu mzima aliyekaa juu ya majani ya mgomba asubuhi, kimya, asiyeitikia salamu, alikuwa na sababu moja tu: amefiwa. Tumpe akaushika mtungi kwa mikono miwili, akateremka kilima mbiombio kuwaambia watu.

Andongwisye alimsikia. Alimsikia vizuri kabisa, na uzeeni, kila alipolikumbuka jambo hilo, alitikisa kichwa na kujicheka. Lakini asubuhi ile alikuwa amefika kwenye pumzi ya nne, na ya nne ilikuwa imekuja kwa utulivu ambao hakuwa ameupata tangu aanze, naye akaogopa kuipoteza kwa ajili ya salamu. Akajiambia kwamba Tumpe ni jirani, atamwelewa. Hakukumbuka yale majani aliyoyakalia. Aliyatandika kwa sababu ardhi ilikuwa baridi na nyonga yake mbovu haikuweza baridi, basi, hakuwa na nia nyingine.

Mambo haya ya kukaa kimya alikuja nayo kutoka vitani. Wenzake wa Keya, jeshi la mfalme wa Waingereza, walirudi na makoti mazito, buti, na saa za mkononi ambazo hazikutembea tena baada ya mvua ya kwanza. Yeye alirudi na nyonga iliyopinda na zoezi la kuhesabu pumzi. Alifundishwa na mfagiaji wa wodi katika hospitali moja ya jeshi huko India, mzee mwembamba aliyeitwa Ramu, ambaye kila asubuhi, kabla hajashika ufagio, aliketi kwenye kona karibu na ndoo zake na kutulia mpaka nzi wakatua usoni mwake bila kufukuzwa. Andongwisye alikuwa amelala pale miezi mitatu, akiruka kitandani kila mlango ulipojibamiza, na alimwonea wivu mzee yule kuliko alivyowaonea wivu waliokuwa wakiruhusiwa kwenda nyumbani. Siku moja akamwashiria amfundishe. Lugha yao ilikuwa ya kuokoteza: maneno machache ya Kihindi, machache ya Kiswahili ambayo mzee aliyapata kwa maaskari, na vidole. Ramu akamwonyesha vidole kumi. Vuta, toa: moja. Vuta, toa: mbili. Ukifika kumi anza tena. Ukipotea njiani, anza tena, wala usijigombeze. Wazo likija liache lipite, kama unavyomwacha mpita njia aende zake, usimkaribishe ndani. Na usizungumze mpaka umalize.

“Kumi tu?” aliuliza Andongwisye, akiona ni mchezo wa watoto.

Ramu alicheka mpaka akakohoa.

Mchezo huo wa watoto ulimtoa jasho. Aliporudi nyumbani mwaka wa arobaini na sita alianza kuufanya zizini, nyuma ya ng’ombe, mahali ambapo hapana mtu wa kumwuliza. Kwenye pumzi ya pili aliwaza maharage. Kwenye ya tatu alikuwa amekwisha kuyavuna, kuyapura na kugombana na shemeji yake juu ya gunia. Mguu ulikufa ganzi, pua ikamwasha, na mara mbili alisinzia akaamshwa na ng’ombe aliyemlamba sikio. Hata hivyo aliendelea, kwa sababu aligundua jambo lililomshangaza: ndani ya kichwa chake mlikuwa na mtu asiyefunga mdomo, na mtu huyo hakuwa akimwomba ruhusa. Alikuwa ameishi naye miaka thelathini bila kumsikia. Na siku alipomsikia, akajiuliza, je, huyu anayemsikia ni nani? Swali hilo lilimfurahisha kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu yeyote.

Jenista, mkewe, alimfuma wiki ya pili.

“Unamwomba nani huko kwenye samadi?” aliuliza.

“Simwombi mtu. Nahesabu.”

“Unahesabu nini? Ng’ombe ni watatu.”

“Pumzi.”

Jenista alitua chini ndoo ya kukamia. Alikuwa mwanamke wa kanisani, tena mwimbaji, lakini alikuwa pia amelala kando ya mwanamume aliyekuwa akishtuka na kushika shingo ya mtu asiyekuwepo. Tangu zoezi hili lianze, kushtuka kulikuwa kumepungua. “Mungu ndiye anayehesabu pumzi za watu,” akasema mwishowe. “Kama umeamua kumsaidia, msaidie. Ila ukimaliza ukakame.”

Basi akahesabu na kukama, siku kwa siku, na akajifunza kupita mbili, kisha nne, kisha sita. Lakini hakuwahi kuivuka saba. Kila alipoikaribia, alikuja Lusungu.

Wazee waliobaki wa rika lile ukiwatajia Lusungu watatabasamu kwanza kabla ya kusema lolote. Alikuwa msemaji. Zamani zile ulezi ulipoiva watoto walilinda ndege juu ya dungu, wawili wawili, kutoka asubuhi ya ukungu hadi jua linapozama, na Andongwisye alipangwa na Lusungu kila msimu. Yeye alirusha mawe kwa kombeo. Lusungu alizungumza tu, na ndege wakaondoka. Alisimulia habari za mjomba aliyekwenda Lupa kuchimba dhahabu akarudi na kofia, za mwanamke wa Tunduma mwenye waume upande huu na upande ule wa mpaka, za samaki wa mto Songwe aliyejua kuitika jina lake. Walichoma viazi chini ya dungu, na moshi ule, uliochanganyika na harufu ya ulezi mbichi wenye umande, Andongwisye aliweza kuunusa hata hospitalini India, kati ya harufu za dawa. Kanisani Lusungu alitolewa nje mara ngapi, hakuna aliyekumbuka idadi. Hata siku walipojiandikisha jeshini kule Tukuyu, karani alimwambia ajibu alichoulizwa tu, akajibu alichoulizwa na hadithi mbili juu yake.

Na mama yake, Sekela, mjane mfupi mwenye sauti nene, alikuwa akisema: “Huyu nilimzaa wa mwisho akachukua maneno yote yaliyokuwa yamebaki tumboni.”

Huyo Sekela ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona Andongwisye siku aliporudi. Alimkuta kwenye njia ya chini, penye mianzi, akakimbia na umri wake ule, akamshika mabega, akampangusa uso kwa kitenge chake kana kwamba alikuwa ametoka kuanguka matopeni. Kisha akachungulia nyuma ya bega lake. Njia ilikuwa tupu. Akachungulia tena.

Andongwisye alikuwa ameyapanga maneno tangu melini. Aliyapanga kwenye treni, akayapanga kwenye lori, akayapanga akichechemea kutoka Tukuyu. Lakini aliona yale macho yakichungulia nyuma yake, na mdomo ukasema wenyewe.

“Yuko nyuma, mama.”

Maneno matatu. Alidhani angeyarekebisha jioni hiyo, au kesho yake, au Jumapili. Lakini Sekela alikuwa amekwisha kuyabeba kijiji kizima. Barua ya bomani ilikuwa imesema kwamba Lusungu hajulikani alipo, na watu walikuwa wameanza kushusha sauti wanapopita kwake. Sasa akawaambia wazi, Andongwisye amesema yuko nyuma. Mzee Sadoki wa kanisa alipomwendea kwa upole amshauri ifanywe ibada ya kumkumbuka, alimfukuza na ufagio. Kila Jumamosi aliutoa mkeka wa Lusungu akauanika. Mavuno yalipofika alijaza kibuyu kimoja cha ulezi akakitundika darini, kwamba ni wa mwanawe, atakuja na njaa. Mwenyewe alikuwa akikonda. Na kila alipokutana na Andongwisye aliuliza lilelile, kwa uchangamfu uleule: “Hujasikia lolote?” Naye alijibu, “Bado, mama,” akaenda zake kwa aibu. Alimpenda mama yule. Ndiyo maana hakuweza kumwambia, na ndiyo maana alijichukia.

Ulezi ulikuwa umeiva asubuhi ile ya Tumpe, mwezi wa Juni. Jenista alikuwa amekwenda kwao na watoto tangu juzi, ng’ombe walikuwa malishoni na mtoto wa jirani, zizi lilikuwa tope tupu. Andongwisye akaona leo nitakaa uani, penye jua. Akatandika majani. Akafumba macho.

Baada ya Tumpe kupita alipotea, akaanza tena. Moja. Mbili. Akasikia mlio wa kengele ya kanisa ukipanda kutoka bondeni, pigo moja moja, na siku ilikuwa Jumanne. Akajiuliza nani amekufa. Kisha akakumbuka kwamba hilo nalo ni wazo tu, akaliacha lipite. Alijipongeza hata. Tatu. Akasikia miguu, mingi, ikija taratibu, kisha mtu akashusha kitu kizito kwa uangalifu, kuni labda. Nne. Mtu akakohoa kikohozi cha Mzee Sadoki. Tano. Mwanamke mmoja akalia kwikwi, akanyamazishwa. Sita.

Akafumbua macho.

Ua ulikuwa umejaa. Wanaume walikuwa wameketi upande wa mgombani, kofia mikononi, visu vyao vya kuvunia ulezi vimewekwa chini. Wanawake walikuwa upande wa jikoni na vikapu vyao vya unga, kanga zimefungwa viunoni. Mashamba yote ya kilima kile yalikuwa matupu, na ndege, kwa mara ya kwanza msimu ule, walikuwa wakila bila kusumbuliwa. Hakuna aliyeuliza kitu. Kwa desturi ya pale mfiwa haulizwi. Anakaliwa kimya mpaka atakapopata nguvu ya kusema mwenyewe. Lakini kila mmoja alikuwa amekwisha kujijibu: Jenista alikwenda kwao juzi, na kumbe habari imekuja.

“Pole, baba,” alisema Mzee Sadoki kwa sauti ya chini. “Tuko hapa.”

Andongwisye alifungua mdomo aseme hapana, jamani, poleni ninyi, nilikuwa nahesabu pumzi. Alikwisha kukiona kicheko kitakachofuata, na jinsi watakavyomtania hadi kaburini, na alikuwa radhi kabisa. Ndipo wanawake wakampisha mtu, na Sekela akaingia.

Alikuwa akihema kwa kilima. Mkononi alikuwa na kikapu kidogo cha unga wa ulezi, mweusi, uliosagwa haraka haraka, bado una chenga. Hakuketi na wanawake. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye yale majani ya mgomba, akajishusha kwa shida kando yake, akaweka kikapu mbele yao.

“Samahani ni kidogo,” alimnong’oneza. “Nimechota kwenye kibuyu cha Lusungu. Sikuwa na mwingine. Akija nitamwambia ulikuwa na msiba, hatakasirika.” Kisha akamshika mkono, akaufunika kwa mikono yake yote miwili. “Sema, mwanangu. Usiukalie peke yako. Ni nani? Ni Jenista?”

Njia ya kutokea ilikuwa bado wazi. Neno moja tu, na kila mtu angerudi kwenye ulezi wake akicheka, na kile kikapu kingerudishwa darini. Andongwisye aliutazama unga ule wenye chenga. Aliona jinsi alivyousaga kwa haraka, mama wa watu, magoti yakimuuma, akimtolea yeye chakula cha mwanawe. Akavuta pumzi.

“Ni Lusungu, mama.”

Sekela hakuuachia mkono wake. Alitabasamu kidogo, kama mtu anayemsahihisha mgonjwa. “Lusungu yuko nyuma.”

“Hayuko nyuma. Mimi ndiye niliyesema hivyo. Nilisema uongo. Nilikuwa naye.”

Andongwisye akaendelea, maana alijua akinyamaza sasa hatasema tena. Alisema walikuwa ndani ya shimo moja, kwenye mvua ya Burma isiyojua kukatika, maji yamefika kiunoni. Kombora lilipoanguka, yeye lilimchukua nyongani na Lusungu likamchukua kifuani. Alisema mto ulifurika jioni ile ukachukua shimo na kila kilichobaki ndani yake, ndiyo maana serikali haikuona mtu wa kuzika. Karani wa jeshi alipokuja hospitalini kumwuliza, alimjibu kwamba hakuona, kwa kuwa alifikiri asiposema huenda isiwe.

“Alisema nini?” aliuliza Sekela. Sauti yake nene ilikuwa imepungua.

“Alizungumza sana, mama.”

“Najua alizungumza. Alisema nini?”

“Habari za dungu. Alisema mwaka huu ndege watamaliza ulezi wako, maana hakuna wa kuwasemesha. Akanicheka nyonga. Akaniambia nikurudie na habari nzuri. Kisha akanyamaza. Sijawahi kumsikia amenyamaza, nikaogopa, nikamwekea sikio kifuani, nikaanza kuhesabu pumzi zake ili nisipige kelele. Zilikuja sita. Nikangoja ya saba. Bado naingoja.”

Sekela akautoa mkono wake kwenye mkono wa Andongwisye. Aliutoa taratibu, kidole kwa kidole.

“Mwaka mzima,” akasema. “Mwaka mzima ninaanika mkeka, na wewe unapita njiani unaniona ninaanika.”

“Ndiyo, mama.”

Alipolia, alilia kwa sauti ile yake yote, na wanawake wakampokea. Msiba wa Lusungu ukakaliwa pale pale, uani kwa Andongwisye. Majani yalikuwa yamekwisha kutandikwa, kuni zilikuwa zimefika, kengele ilikuwa imepigwa, na hakuna aliyelazimika kurudi nyumbani kuchukua kitu. Mzee Sadoki aliongoza wimbo, akashindwa kuumaliza. Siku ya tatu Jenista akarudi na watoto wake, akakuta watu wanaosha vyungu kwenye ua wake, na Tumpe, aliyekuwa amemlilia asubuhi nzima ya kwanza, akamrukia akamkumbatia mpaka mzigo ukadondoka.

Baada ya hapo Sekela hakusema na Andongwisye tena. Akimwona njiani alikata kupitia shambani. Mavuno yakaisha, baridi ikapita, moto wa kuchoma majani ukawaka milimani na kuzimika. Kibuyu kiliteremshwa darini. Mkeka haukuonekana tena nje siku za Jumamosi. Andongwisye naye aliacha kuhesabu. Aliona hana haki ya kutulia.

Mvua za kwanza zilinyesha Novemba. Asubuhi moja, ukungu ukiwa bado umeshikilia mianzi, Jenista alikuja kumwita zizini akiwa na uso wa ajabu, akamwambia kuna mgeni uani. Alikuwa Sekela. Alikuwa ameubeba ule mkeka wa Lusungu kwapani, umekunjwa vizuri, ukindu wake umepauka kwa jua la Jumamosi nyingi. Hakumsalimu. Aliukunjua juu ya ardhi yenye unyevu, akaunyoosha pembe kwa mguu.

“Majani ya mgomba yanakusanya watu,” alisema. “Kaa huku.”

Andongwisye akakaa. Sekela akajishusha kando yake kwa kituo, kwanza mkono, kisha goti, kisha mwili wote, akaikunja miguu kadiri ilivyokubali.

“Na sasa?”

“Unafumba macho, mama. Unavuta, unatoa, unahesabu. Ukifika kumi unaanza upya.”

“Kumi tu?”

“Kumi tu.”

“Na akija?”

Andongwisye hakuuliza ni nani. Alikumbuka kicheko cha Ramu na ndoo zake kule mbali, akakumbuka moshi wa viazi chini ya dungu, na yule msemaji aliyekuwa akiwafukuza ndege kwa maneno. Alimkumbuka bila kuruka, kwa mara ya kwanza.

“Akija tutamwona,” akasema.

Walianza kwa sauti ya chini, pamoja, ya kwake nyembamba na ya mama nene, huku Jenista amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa, akisahau kwamba ameshika kitu. Moja ilikuja, ikaenda. Mbili. Jogoo aliwika kwa Tumpe. Kwenye ya nne Sekela alipoteza, akaguna, akaanza upya bila kuambiwa, na Andongwisye akarudi naye mwanzo. Tatu. Nne. Tano. Sita.

“Saba,” alisema Andongwisye, na sauti ikakwama hapo. Aliikaza mikono mapajani. Kando yake mkeka ulilia kidogo. Mtu alikuwa akijiweka sawa, akivuta pumzi ndefu, bila haraka yoyote.

“Nane,” akasema Sekela.